Nimemkwaruza Mama Mkwe kwa Mashine ya Kucha

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili mama mkwe wangu anarudi nyumbani kwangu, anataka nimalizie mkono wa kulia, na mimi huo wa kushoto wenyewe sijui nianzie wapi kuueleza.

Mimi ni msugua kucha. Ninakaa kwenye kona ya saluni, kati ya sinki la kuoshea nywele na dirisha, nina kiti changu kifupi, beseni langu na tupa zangu za mkono, na kazi hiyo naijua, Shangazi, sijisifu lakini naijua, mteja akinipa mkono tu naweza kumwambia ni kidole gani huwa anakitafuna akiwa na mawazo. Sasa wateja wakaanza kuuliza, "Dada, huna ile mashine?" Mmoja leo, mwingine kesho, wanaitazama tupa yangu kama vile nimewatolea jiwe la kusagia, na mama mwenye saluni naye akaanza kuguna pembeni, mwishowe roho ikanichoma nikaagiza.

Mashine yenyewe, kama hujaiona, ni kama kalamu nene yenye waya, mbele unachomeka kichwa kidogo cha msasa au cha chuma, ukiwasha kile kichwa kinazunguka, na pembeni kuna kidude cha kuongeza kasi. Ilikuja kwenye boksi zuri, lakini karatasi ya maelekezo ilikuwa kwa lugha ambayo sijui hata herufi yake moja, nikaigeuza juu chini, nikaona picha ya mkono umepigwa mstari mwekundu na picha ya mkono umewekewa alama ya vema, na mikono yote miwili kwangu mimi ilikuwa sawasawa, nikaitupa. Nikajisemea, kusugua ni kusugua, hii inasugua haraka tu.

Kule saluni nilishawaambia mashine naifahamu siku nyingi, nasubiri tu nipate soketi karibu na kiti changu. Kwa hiyo ilibidi nijifunzie nyumbani, kwa siri. Nikaanza na kiazi kibichi, nikakisugua kikatoka na mashimo kama kimeliwa na panya, nikasema hicho ni kiazi, hakina kucha, hakihesabiki. Siku nyingine nikavaa wigi langu jipya, nikakaa mbele ya kioo ili nijione kama mtaalamu, nikainama kuangalia kwa karibu, mashine ikadaka nywele, wigi likavutwa lote likajizungusha pale mbele, likawa linapanda na kushuka mezani kama paka aliyekanyagwa, na mimi nimebaki na kichwa kitupu natafuta swichi. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikamwita mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole, hata akikanyagwa yeye ndiye anayesema samahani. Alikuwa amejilaza kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari.

"Lete mkono," nikamwambia.

"Itaniuma?"

"Mashine za kisasa haziumi."

"Umeshaitumia kwa mtu?"

"Ndiyo nataka kuanza na wewe. Nani mwingine ana bahati hiyo?"

Akaleta mkono. Vidole vya mwanzo vilikwenda vizuri, vikang'aa mpaka mwenyewe akaanza kuviangalia kwa upande, nikaona mambo si ndiyo haya, nikaongeza kasi, nikaibonyeza mashine kwenye kidole gumba na kuiacha hapo nimalizie mstari mmoja mgumu, mara akaruka juu, redio ikaanguka, akapiga kelele, "Jamani! Mimi nashika moto kutwa nzima siungui, nije kuungulia kwenye kochi langu mwenyewe?"

Nikampoza kwa maji, nikamwomba radhi, nikamalizia vilivyobaki polepole. Kesho yake akaenda kazini na kucha zinazong'aa kama vijiko vya wageni, na karakana nzima ikamwita bibi harusi. Tangu siku ile anavaa glavu hata akija mezani.

Sasa ndipo ninapofika penye kidonda chenyewe. Mama mkwe wangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Alitaka mwanawe aoe muuguzi, hakuficha, na tangu niingie kwenye ile familia mimi kwake ni "yule wa kucha", si kwa ubaya, anatamka kama mtu anayesema yule wa maziwa. Shuleni kwake alikuwa akikagua kucha kila asubuhi, rula mkononi, msichana akikutwa na rangi anarudishwa nyumbani akaitoe. Basi akaja kututembelea, akamkuta mwanawe anakunywa chai na glavu. Akamwambia neno moja tu, "Vua." Akavua. Mama akavishika vile vidole, akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nikajua leo nimekwisha.

"Nani kafanya hivi?"

Mume wangu akanionyesha kwa kidevu, msaliti yule.

Mama akanitazama. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, akasema, "Haya, mwanangu. Nifanye na mimi. Nyekundu."

Mwanangu! Shangazi, nimezaa wajukuu wake, nimempikia, nimemlaza kitandani kwangu mimi nikalala sebuleni, sijawahi kuitwa mwanangu, leo naitwa mwanangu kwa sababu ya mashine. Ungenikuta pale ungedhani nimepewa cheo. Nikatandika taulo safi, nikawasha, nikaanza. Naye akaanza kuzungumza, mama ambaye kwa kawaida na mimi tunaongea habari za afya na kwaheri, akanieleza jinsi chaki ilivyomkausha mikono miaka yote ile, jinsi alivyokuwa anawarudisha wale wasichana huku moyoni anasema rangi ile nzuri jamani, akanieleza sukari yake ilivyomsumbua mwaka huu, na kwamba siku hizi ncha za vidole zimekufa ganzi, anashika kikombe cha chai ya moto asijue mpaka mtu amwambie, na mimi naitikia pole mama, pole mama, maneno yanaingia sikio hili yanatokea lile, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa imekaa kwenye lile neno mwanangu.

Nilikuwa nangoja aseme inaunguza, kama alivyosema mwanawe. Hakusema. Anatabasamu tu na kuendelea na hadithi. Nikajua basi, mkono wangu umekuwa mwepesi, nimeshaiva. Nikaongeza kasi.

Nilikuwa nimefika kidole cha pete, nasafisha kile kingozi cha kwenye shina la ukucha, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Nikainua kile kidole nikiangalie, nikaona pembeni ya ukucha ngozi imechubuka, imekuwa nyekundu, na damu inachungulia. Mama anaangalia dirishani, anaendelea kunihadithia mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa anajificha chooni siku ya ukaguzi. Hajasikia chochote. Hajui. Nikashika pamba nikabana, na badala ya kufungua mdomo nikafungua kichupa cha rangi. Nikapaka vidole vyote vitano, na kile nikakipaka mpaka kwenye ngozi, nyekundu juu ya nyekundu, ukiangalia huoni kitu.

Mume wangu aliona. Akanifuata jikoni.

"Mwambie," akaninong'oneza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemkata."

"Sijamkata, nimemkwaruza."

"Basi mwambie umemkwaruza."

"Mwambie wewe, si mama yako?"

"Kwani nilishika mashine mimi?"

Sebuleni tukasikia, "Mnanong'ona nini huko?"

"Chai, mama!" nikajibu.

"Ya kwangu bila sukari."

Shangazi, lile neno sukari ndilo lililonizindua. Nilikumbuka yote aliyokuwa akinieleza, sukari, ganzi, kikombe cha moto, nikaelewa kwamba si mkono wangu uliokuwa mwepesi, ni vidole vyake vilivyokuwa kimya. Na bado sikusema. Nikapeleka chai.

Umeme haukurudi, akaondoka na mkono mmoja mwekundu na mwingine vilevile alivyokuja nao, anafurahi, anaupeperusha kwa majirani. Tangu hapo ananipigia simu kila siku, mtu ambaye zamani alikuwa anapiga akikosa namba ya mwanawe. "Kucha zangu zinakusalimu," ananiambia. "Kila nikiziangalia nakukumbuka. Huna la kuniambia, mwanangu?" Nami nageuza maneno, namuuliza huko mvua zimeanza. Jumapili anakuja na rafiki zake wawili wastaafu, wote wanataka mashine, na yeye mwenyewe anataka mkono wa kulia na vidole vya miguu pia.

Mume wangu haniongeleshi vizuri, anasema nisipomwambia mama yake atamwambia yeye, lakini na yeye naye hamwambii. Mimi nimefikiria niseme mashine imeungua. Au nijifunze haraka haraka hapa katikati, Jumapili niwafanyie vizuri kabisa, lile la kwanza lisahaulike. Naomba uniambie, nikimwambia ukweli si nitarudi kuwa yule wa kucha, tena aliyemkata? Na hii mashine inatumikaje bila kuumiza watu? Nimeacha namba yangu hapo chini, usiichapishe. Silali vizuri.

Wako,
Msugua Kucha Anayetetemeka

*

SHANGAZI ANAJIBU

Msugua Kucha, marahaba. Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti, na wenzangu wote wakacheka, tukacheka wigi, tukacheka glavu, mpaka nilipofika penye ganzi. Hapo kicheko kikakatika, nikatafuta namba yako. Wasomaji wengine mnisamehe, kuna barua za kungoja gazeti litoke na kuna barua za kupigia simu. Kidonda kwenye kidole cha mtu mwenye sukari hakingoji gazeti. Kinaweza kukaa kimya hivyo hivyo, bila maumivu, kikaoza chini ya rangi nzuri.

Wewe unajua tulivyozungumza, lakini acha na wengine wasikie.

"Umeshamwambia?" nikakuuliza.

"Bado, Shangazi, nilikuwa nangoja jibu lako gazetini."

"Jibu langu ndilo hili. Kata simu yangu, piga yake. Mwambie aitoe rangi sasa hivi, anawe kwa sabuni na maji safi, aende kliniki leo, si kesho, na awaambie ana sukari. Ukimaliza kulia nipigie."

Ukasema, "Nianzeje?"

Nikakuambia, "Anza na neno mama, halafu usivute pumzi."

Ulinipigia baadaye kidogo, unalia na kucheka kwa pamoja, nusu ya maneno nikayakosa. Ulimwambia yote, kidole, damu, rangi. Kisha mama mkwe wako akasema, "Afadhali. Nilishaanza kudhani nitasifia kucha hizi mpaka niingie kaburini."

Kumbe alijua. Alijua jioni ileile, alipokuwa anaosha kikombe chake akaona kidole kimevimba pembeni. Akaazima dawa ya kutolea rangi kwa jirani, akaona ulichofanya, asubuhi akawa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki. Kidonda kimesafishwa, kimefungwa, kinakauka. Hiyo ni bahati yako, usiifanye kuwa ujuzi wako.

"Sasa mama, mbona hukuniambia?" ukamuuliza.

"Kwani aliyekosea ni mimi?" akakujibu. "Nimefundisha maisha yangu yote. Mtoto aliyevunja kioo namjua kwa namna anavyonisalimia. Nilikuwa nakupigia nikupe nafasi, kila siku nakuuliza huna la kuniambia, na wewe unaniuliza habari za mvua."

Hapo mimi mwenyewe nilicheka kwenye simu, nisamehe. Lakini nina neno na mama pia, kama anasoma, na nadhani anasoma kwa sababu amestaafu. Mama, heshima yako, lakini kidole cha mtu mwenye sukari si mtihani wa kumpima mkwe. Ulipojua ungesema. Na wewe mama ulikuwa unaringa tu, unangoja aanze yeye.

Sasa nirudi kwako, maana sijamaliza. Unaniuliza kama ukisema ukweli utarudi kuwa yule wa kucha. Binti yangu, soma tena barua yako. Mama aliketi na wewe, akakueleza chaki, akakueleza wale wasichana aliowarudisha huku moyo wake unataka rangi ileile, akakueleza ugonjwa wake mpaka ncha za vidole. Mtu hamwelezi hayo muuza maziwa. Mlango alikuwa ameshaufungua, akaketi kwenye kiti chako akakupa na mkono. Wewe ukawa unasikiliza neno moja tu, lile lililokufurahisha, mengine yote ukayaitikia pole mama kama redio. Kosa lako la kwanza halikuwa kasi ya mashine. Lilikuwa hapo.

La pili ni rangi, na hilo nimekugombeza vya kutosha kwenye simu.

Kuhusu mashine, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilikwenda kwa mwalimu wa kazi hiyo, mama mmoja mnene mcheshi anayefundisha wasichana kwenye chumba juu ya duka la vitambaa. Nilipomsomea barua yako, kwenye kiazi alicheka, kwenye wigi akasema kila mwaka hakosi mmoja, kwenye mama mkwe akaiweka miwani yake mezani. Kisha akanishika mkono bila kuniomba ruhusa, akawasha mashine yake, akauacha msasa utulie juu ya ukucha wangu kufumba na kufumbua. Niliruka kama mumeo. "Umeona?" akasema. "Joto linatengenezwa na kusimama. Mashine haitulii mahali. Inapita, inanyanyuka, inapita, inanyanyuka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu."

Akanionyesha na mkono wenyewe unavyokaa. Kile kichwa kinalala juu ya ukucha, hakisimami kwa ncha, maana ncha ndiyo inayochimba. Kidole kidogo cha mkono wako wenye mashine kiegemee mkono wa mteja, hivyo mteja akishtuka mnakwenda pamoja, na kidole unachokifanyia kazi ukishike imara kwa mkono wako mwingine, kisichezecheze. Usibonyeze. Kazi inafanywa na mzunguko, si na kilo zako. Kama unaona haisugui mpaka ubonyeze, msasa umechakaa, badilisha. Kasi ni ya chini kabisa kwenye kucha za asili, na msasa mlaini. Vile vichwa vya chuma ulivyovikuta kwenye boksi ni vya kusugua kucha za bandia zilizojengwa kwa unga au jeli, ukivipeleka kwenye ukucha wa mtu unaukwangua tabaka kwa tabaka mpaka unabaki kama karatasi. Angalia pia kichwa kinazunguka kuelekea wapi, kuna swichi ya kugeuza, na wewe unatakiwa kusugua kwenda kinyume chake, la sivyo kinakimbia na kupanda kwenye ngozi. Nikamwambia nadhani hicho ndicho kilichotokea. Akasema, "Hapana. Kilichotokea ni kwamba alikwenda kwenye shina la ukucha kabla ya kufundishwa. Huko mimi nawazuia wasichana wangu kwa miezi kadhaa."

Kisha akanitolea kijiti kirefu chenye kucha za plastiki zimebandikwa kwenye ncha, mstari mzima. Hizo ndizo wanaanza nazo. Wanazipaka rangi ya kawaida, halafu wanaitoa ile rangi kwa mashine bila kuikwaruza plastiki iliyo chini. Ukiweza hivyo mara nyingi mfululizo, unapewa mkono wa mwenzako darasani, na mwenzako anapewa wako, hapo kila mtu anakuwa mpole ghafla. Nywele zimefungwa, wigi limebaki nyumbani, mtandio hauning'inii, barakoa usoni na miwani machoni kwa sababu lile vumbi si poda ya kujipaka. Misasa ya kuvisha kwenye kichwa cha mashine inatupwa baada ya kila mteja, haifutwi na kurudishwa. Vichwa vya chuma vinasuguliwa kwa brashi na sabuni, vinalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu, vinakaushwa. Nikamuuliza, je, mtu mwenye sukari, mwenye ganzi? Akajibu bila kufikiri, "Mashine hapana. Tupa laini ya mkono, na ngozi haiguswi."

Ana nafasi kwenye darasa lake linalofuata, na nimemtajia habari zako. Nenda. Saluni waambie ukweli kwamba unajifunza, waambie kabla mama mwenye saluni hajasoma safu hii, kwa sababu ananunua gazeti hili na kona yako kati ya sinki na dirisha anaijua. Wateja wakiuliza, wajibu kwamba mashine ipo na fundi wake yuko darasani. Hakuna atakayekufa. Aliyekuwa anakuja kwa sababu ya mkono wako ataendelea kuja.

Mumeo amekosea kidogo na amepatia zaidi. Alikuambia useme, hilo ni jema, kisha akakaa na kitisho chake mfukoni, hilo si jema. Zile kucha zake ulizozipunguza unene ziache zikue zenyewe, usizisugue, zipake mafuta kidogo usiku, na umwombe radhi tena akiwa hajalala. Karakana watapata jambo jingine la kucheka.

Jumapili, sasa. Mashine ibaki kwenye boksi, boksi libaki juu ya kabati. Rafiki zake wakija, kabla yeyote hajanyoosha mkono, muulize kama ana sukari, kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama ana sehemu yenye ganzi, na anayejibu ndiyo anapata tupa laini na rangi, basi. Vidole vya miguu vya mama usiviguse hata kwa tupa. Vya mtu mwenye sukari ni vya kliniki, mwambie hivyo usoni, na akikukazia macho ya ualimu mkuu, mkazie na yako. Nunua tupa mpya iwe ya kwake peke yake. Mketishe penye mwanga, umeme uwepo usiwepo.

Na akikunyooshea ule mkono wa kulia usianze kusugua. Bonyeza ncha ya kila kidole taratibu, kimoja kimoja, muulize, "Mama, hapa unasikia? Na hapa?" Usiende kidole cha pili mpaka amekujibu cha kwanza. Kile atakachosema hakisikii, hicho ukikodolee macho mwanzo mpaka mwisho, maana hana namna ya kukuambia unapokosea. Kisha sugua polepole. Yeye ni mstaafu, hana haraka, na hadithi zake bado nyingi.